Sufuria za Rambirambi

Iko nchi moja ambayo ukiuliza jina lake utaambiwa inalo, ila limehifadhiwa lisije likachakaa kwa kutajwatajwa. Basi nasi tusilichakaze. Ni nchi nzuri. Ina bendera, ina wimbo, ina barabara ya lami inayotoka nyumbani kwa Mtukufu Kiongozi mpaka nyumbani kwa mama yake Mtukufu Kiongozi, na ina Wizara ya Siha ya Asili, kitu ambacho hata mataifa makubwa hayajajaliwa.

Wizara hiyo ndiyo iliyogundua kwamba wananchi wanakufa kwa maradhi ya moyo kwa sababu ya midomo yao wenyewe. Zamani watu wa nchi hiyo walikuwa wakifa ovyo ovyo: huyu uzee, yule homa, mwingine mamba. Halafu kikajengwa Kiwanda cha Taifa cha Sufuria, na baada ya hapo wakaanza kufa kwa mpangilio. Mtu alikuwa anatembea, anasimama, anashika kifua, basi. Wizara ilitoa jibu upesi sana. Walikuwa wanakula vibaya.

Kiwanda chenyewe kilikuwa katikati ya mji, ili kila mtu akione na kujivunia. Kiliyeyusha betri za magari zilizokufa, rejeta, vitasa, mabati yenye kutu, na chochote ambacho nchi tajiri zilikichoka zikakileta kwa meli kama msaada. Upande mmoja viliingia vyuma vyeusi, upande wa pili zilitoka sufuria zinazong'aa hata mwanamke akaweza kujipaka wanja humo. Moshi wake ulikuwa wa kijivu, na ukikaa karibu nao kwa muda ulikuachia utamu fulani kwenye ulimi. Wizara iliutambua rasmi kuwa ni ukungu wa asubuhi, hata ulipotoka saa tisa alasiri.

Vyungu vilipigwa marufuku. Chungu ni udongo, Wizara ilisema, na udongo ni uchafu. Hata mtoto akiushika huambiwa akanawe.

Hapo ndipo ilipokufa desturi moja ya zamani. Watu wa nchi hiyo, mwenzao akifariki, walikuwa wanachukua chungu alichokuwa akipikiwa na kwenda kukivunja juu ya kaburi. Walisema roho ni kitu cha mazoea, isipoona chungu kimevunjika itadhani bado inasubiriwa kula, itarudi. Lakini sufuria haivunjiki, na kuiacha makaburini ni kufuja mali ya umma. Kwa hiyo serikali ikatengeneza utaratibu mzuri zaidi: sufuria ya marehemu ilirudishwa kiwandani ikayeyushwa pamoja na nyingine, na wafiwa wakaletewa mpya, ina utepe wa rangi za bendera, ikiitwa Sufuria ya Rambirambi. Chakula cha kwanza cha matanga sharti kipikwe humo, mbele ya ofisa, na mfiwa awe wa kwanza kuonja. Misiba ilivyozidi ndivyo sufuria zilivyozidi, na sufuria zilivyozidi ndivyo misiba ilivyozidi, lakini hili la pili hakuna aliyeagizwa kulitazama.

Ofisa wa mtaa wa chini ya kiwanda alikuwa Bwana Shomvi Magongo. Alikuwa mrefu, mpole, na ana sauti nzito yenye huzuni ya kudumu, ambayo ndiyo iliyompatia kazi. Kazi yake ilikuwa kubeba sufuria mpaka kwenye msiba, kutoa pole, na kusema mbele ya watu kosa la mlo lililomuua marehemu. Hakuna aliyezikwa bila kosa. Huyu alizidisha chumvi, yule alikula nyama ya jana, mwingine alikula amesimama. Shomvi aliyasema kwa upole hata wafiwa wakamshukuru.

*

Siku moja alikwenda kwenye msiba wa Chande, fundi redio. Chande alikuwa mtu mwembamba aliyeshika maagizo ya Wizara kuliko mtu yeyote mtaani, na Shomvi alitembea njia nzima akitafuta la kusema.

"Ndugu waombolezaji," alianza, "Wizara imeuchunguza mlo wa marehemu, nayo imesikitika."

"Afisa, ngoja kwanza," alisema Bi. Nyamvula, mjane wa Chande. Macho yake yalikuwa yamevimba. "Mume wangu chumvi alikuwa haijui. Nyama aliinusa kwa jirani. Asubuhi kikombe cha ile dawa yenu ya ukwaju, jioni kikombe. Sasa kosa lake lipi?"

Dawa aliyoitaja ilikuwa Kinywaji cha Moyo cha Taifa. Ni ukwaju, ndimu, kitunguu saumu na majani ya mlonge, vyote vya asili kabisa, vinachemshwa kwenye sufuria ya taifa tangu asubuhi mpaka jioni, kadiri vinavyokaa ndivyo vinavyofaa.

Shomvi alikohoa. Ofisa wa Rambirambi hafundishwi kukosa jibu.

"Alikuwa akila kwa wasiwasi, mama. Chakula chema kikiliwa kwa wasiwasi hugeuka."

"Wasiwasi wa nini?"

"Wa kufa."

Watu wakatikisa vichwa. Ni kweli Chande alikuwa anaogopa kufa, na sasa kafa. Hoja haikuwa na pa kuingilia.

Sufuria ya rambirambi ikatiwa maji, ikabandikwa. Moto uliposhika, ikaanza kugonga. Haikuwa sauti ya maji wala ya kuni. Ilitoka ndani ya chuma chenyewe: du-du, du-du, du-du-du, kisha kama imejikwaa, kisha ikaendelea. Wanaume wakaanza kuzungumzia bei ya mkaa kwa sauti kubwa. Mtu mmoja akapiga chafya isiyokuwepo.

Bi. Nyamvula aliangusha mwiko. "Huyo ni mama yangu."

"Mama yako alifariki mwaka juzi, Bi. Nyamvula," alisema Shomvi.

"Najua alifariki. Na sufuria yake mkaja mkaichukua, wewe mwenyewe ulikuja. Moyo wake ulikuwa unakwenda hivi hivi, unakimbia halafu unajikwaa. Nimelala naye kitanda kimoja mpaka siku ninaolewa. Nitausahau?"

Alionja chakula kwa sababu ni sheria, huku machozi yanamdondokea humo.

Baada ya msiba ule ikawa mji mzima. Kila sufuria mpya ikipata moto inagonga, na kila nyumba kuna mtu anayegeuka ghafla na kusema, huyo ni baba, huyo ni mwenzangu, huyo ni Mwalimu. Sufuria nyingine zilikuwa na moyo mmoja. Nyingine, ambazo chuma chake kilikuwa kimeyeyushwa mara nyingi, zilikuwa na umati.

*

Waziri wa Siha ya Asili, Mheshimiwa Profesa Lubango, aliitisha mkutano wa hadhara. Alikuwa mtu mnene mwenye ngozi inayong'aa na meno mazuri, na hakuna aliyejua kupaza sauti kama yeye.

"Ndugu wananchi! Kuna maadui wanaosema sufuria zetu zinagonga. Nawauliza, kitu kisicho na uhai kinaweza kugonga? Hakiwezi! Basi sufuria zetu zina uhai! Zina moyo! Wenzetu wana meli, wana ndege, wamekwenda mwezini wamerudi. Waulizeni kama sufuria zao zina moyo!"

Makofi yalikuwa mazito. Wale waliokaa karibu na jiko la sherehe, lililobandikwa sufuria hapo uwanjani, walipiga makofi zaidi, ili wasisikie.

Kuanzia hapo neno kugonga likafutwa. Sufuria zilikuwa zinashangilia. Kila asubuhi wananchi walitakiwa kusimama jikoni, mkono kifuani, na kuulinganisha moyo wao na sufuria. Ambaye moyo wake ungekutwa unakwenda tofauti alipewa hadi mwisho wa mwezi awe ameurekebisha.

Kisha ikatangazwa Sikukuu ya Jiko la Mfano. Mwanamke mmoja angekunywa bakuli zima la Kinywaji cha Moyo mbele ya Mtukufu Kiongozi, lililochotwa kwenye sufuria kubwa kuliko zote zilizowahi kutengenezwa. Aliyechaguliwa ni mke wa ofisa anayefahamika kwa utiifu. Ni Bi. Sikudhani, mkewe Shomvi Magongo.

*

Shomvi alimpenda mkewe. Tuseme hivyo wazi, kwa sababu yatakayofuata yanaweza kumfanya mtu adhani vingine.

Sikudhani alikuwa na moyo wa namna yake tangu kuzaliwa. Ulikuwa unapiga mara mbili, unatulia kama mtu anayesikiliza mlangoni, ndipo unapiga la tatu. Du-du... du. Walipokuwa wachanga wa ndoa Shomvi alikuwa akiweka sikio kifuani pake na kumtania: "Moyo wako mmbeya, unachungulia kwanza." Naye alikuwa akimjibu, "Unachungulia kama umeshalala niondoke." Sasa miguu yake ilikuwa inavimba jioni, na kutoka kisimani mpaka mlangoni alikuwa anapumzika njiani. Hata hivyo hakuacha dawa. Mke wa Ofisa wa Rambirambi akiacha dawa, nani ataendelea nayo?

Chumba cha uani alikaa mama yake Sikudhani, Bibi Mashavu, ajuza mkali asiyependa serikali wala supu ya moto. Chini ya kitanda chake kulikuwa na chungu alichokuwa akimpikia mwanawe utotoni. Kwa kuwa chungu ni kosa la jinai, alikuwa amekifunga kanga na kukiita mto.

Jioni moja Shomvi aliingia jikoni akamkuta mkewe anakoroga, anazungumza.

"Leo mko wengi," alikuwa anaiambia sufuria mpya. "Sogeeni basi, msisukumane."

"Siku, unaongea na nani?"

"Na wageni wako."

"Wageni gani?"

"Wale uliowasemea makosa yao." Hakusema kwa kumsuta. Alisema kama anayeeleza nani alipita mchana. "Chande yupo. Anauliza kama kweli ni wasiwasi."

Shomvi alitoka nje. Bibi Mashavu alikuwa uani anachambua mchicha.

"Mama, mwanao anaumwa," alisema.

"Naona."

"Anasikia watu kwenye sufuria."

"Wewe huwasikii?" Bibi Mashavu hakuinua macho. "Hawajavunjiwa chungu, mkwe. Mtu asiyevunjiwa chungu ataambiwa na nani kwamba amekufa? Anasikia moto, anasikia mwiko, anajua ndiyo kwanza anaandaliwa."

*

Siku ya kuamkia sikukuu Shomvi aliitwa nyumbani kwa Waziri kupewa maelekezo. Nyumba ilikuwa mlimani, upande ambao upepo wa kiwanda haufiki. Viatu vyake vilikuwa na vumbi, kwa hiyo mlinzi alimpitisha jikoni.

Jikoni kwa Waziri hakukuwa na sufuria hata moja. Kulikuwa na vyungu. Vikubwa, vidogo, vyeusi kwa moshi wa miaka, vimepangwa ukutani vizuri. Katika kimoja mkia wa kondoo ulikuwa unaelea kwenye mafuta yake, katika kingine maini. Palikuwa kimya. Shomvi aligundua kwamba alikuwa hajaingia jikoni palipo kimya kwa muda mrefu, akatamani kukaa chini alie.

Waziri akaingia, akachovya kipande cha mkate kwenye mafuta.

"Unashangaa nini, Magongo? Mimi nyumbani napenda ladha."

"Mheshimiwa, mbona vyungu?"

"Sasa nipikie wanangu kwenye betri?" Waziri alicheka kwa wema kabisa. "Kile chuma kina madini ya risasi, bwana. Kila mtu anajua. Unapika maji, yanatoka kidogo. Unapika kitu kichachu, ukwaju, ndimu, kinaitafuna sufuria mpaka mchuzi unang'aa. Yakikaa mwilini moyo unachoka mapema. Wataalamu walituambia zamani."

"Mheshimiwa, lakini Wizara yetu ni ya vitu vya asili."

"Na risasi si ya asili? Haichimbwi ardhini? Nyoka si wa asili? Nani alikwambia asili inakupenda?" Alijifuta vidole. "Umekaa vibaya na neno hilo."

"Mke wangu anakunywa kila siku. Kesho atakunywa bakuli zima."

"Mbele ya Mtukufu Kiongozi! Hiyo heshima hata mke wangu hana." Akamwekea mkono begani, na sauti yake ikashuka ikawa ya kirafiki. "Magongo, kesho ipite. Baada ya kesho mpikie unamotaka. Nani atakuja kuchungulia jikoni kwako sherehe ikishakwisha?"

Tunapenda kusema kwamba Shomvi alishuka mlima ule mbio, akaingia kwake, akapiga teke sufuria. Alishuka taratibu. Njia nzima alikuwa anawaza: ni siku moja tu. Nikisema leo nitafukuzwa, nitafungwa, na atabaki peke yake. Nikisema kesho kutwa hakuna atakayejua. Mawazo haya yalikuwa na akili, ndiyo ubaya wake.

Nyumbani alimkuta Sikudhani anajaribu gauni la sherehe.

"Siku, kesho unywe kidogo."

"Kidogo? Si wewe uliyesema mke wa ofisa akionja kwa kusitasita taifa zima linaonekana lina mashaka?"

"Nilisema. Kesho kutwa tutabadilisha mapishi."

"Kwa nini?"

Alimtazama. Alikuwa amependeza, na alikuwa anahema kwa kuvaa gauni tu. Neno lilimfika Shomvi mpaka kwenye meno.

"Basi tu," alisema. "Kwa kubadilisha."

*

Sufuria ya sikukuu ilikuwa na ukubwa wa chumba. Ilitengenezwa kwa sufuria za misiba yote ya mwaka ule, na ilipopata moto mlio wake ulisikika mpaka sokoni, mioyo mingi, kila mmoja na mwendo wake, hakuna anayemsubiri mwenzake. Bendi iliamriwa ipige juu yake, ikashindwa kupata mdundo wa kufuata.

Sikudhani alichotewa bakuli. Akamtafuta mumewe kwa macho, akamwona, akatabasamu. Akanywa lote, maana hakuwa mtu wa kufanya jambo nusu. Halafu, kama ilivyoagizwa, akaweka mkono kifuani aulinganishe moyo wake na sufuria. Watu wa mbele wanasema alionekana anasikiliza. Alisikiliza sana, uso umeinama, kama anayesikia anaitwa na watu wengi kwa wakati mmoja na hajui aanze na nani. Akaanguka.

Si bakuli lile lililomuua. Yalimuua yote ya nyuma, na lile lilikuwa la mwisho. Lakini lingeweza kukosekana.

Utaratibu wa mazishi ulikuwa hauruhusu ofisa kujitoa. Shomvi alisimama mbele ya jeneza la mkewe akasema, kwa ile sauti yake nzuri, kwamba Wizara imeuchunguza mlo wa marehemu na imegundua kwamba alikunywa kwa haraka. Ndiyo, alisema. Bibi Mashavu alikuja makaburini amebeba kanga iliyofungwa, na askari wakaifungua.

"Udongo juu ya udongo, mama," mmoja alimwambia kwa heshima. "Huo ni uchafu mara mbili. Rudi nao tu nyumbani, leo hatukukamati kwa sababu ya msiba."

Sufuria ya Sikudhani ikachukuliwa kwenda kuyeyushwa, na Shomvi akaletewa mpya yenye utepe. Aliibandika mwenyewe, akainama, akasikiliza. Aliyekuwamo ndani yake alikuwa mwanamume fulani mwenye moyo wa haraka. Si yeye.

Jioni hiyo alimweleza Bibi Mashavu yote, vyungu vya mlimani, madini, na maneno ya kesho kutwa. Bibi Mashavu alisikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani akafunga mlango, na hakumsemesha tena.

*

Kuanzia hapo haikuwahi kuonekana bidii kama ya Shomvi Magongo. Aliomba misiba ya mitaa mingine. Aliwahi kufika hata kabla wafiwa hawajamaliza kulia. Sufuria ikibandikwa alikuwa anaipigia magoti, sikio karibu na chuma mpaka mashavu yake yakababuka, na watu wakasema tazama ofisa anavyojali. Alipewa nishani ya uchapakazi. Alikuwa anatafuta mapigo mawili, na kutulia, na moja. Kila msiba alikuwa anaogopa kumpata, na kila msiba alirudi amevunjika kwa kutompata.

Halafu akafa Profesa Lubango.

Alikufa mezani, mkia wa kondoo mkononi, mafuta yakimchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Moyo wake ulikuwa umezibwa kama bomba la jikoni. Kwa muda wote wa uhai wa Wizara ile, huyu ndiye mtu wa kwanza na wa pekee kufa kweli kwa alichokula. Serikali ilitangaza kwamba amekufa kwa kulipenda taifa kupita kiasi.

Mazishi yalikuwa ya kitaifa, yakaanza alfajiri. Redio ya Taifa ilikuwa hewani. Wanawake wa mtaa wa chini ya kiwanda waliletwa kwa malori kumenya vitunguu, Bi. Nyamvula akiwa mmoja wao. Shomvi alipanda mlima ule amebeba sufuria yenye utepe, akasema makosa ya mlo, yaani akasema hakuna, na sufuria ikatiwa mchuzi wa ukwaju uliochanganywa tayari, ikabandikwa uani.

Mke wa Waziri, Mama Lubango, alikuwa amekaa kwenye mkeka, watoto na wajukuu wamemzunguka.

"Ahsante, Afisa," alisema kwa sauti ya chini. "Iweke tu pembeni. Tutapika kesho."

Shomvi alifungua mdomo kusema ndiyo, mama, kwa sababu alikuwa mtu wa kusema ndiyo. Wakati huo moto ukashika.

Du-du... du.

Alisimama pale pale. Du-du, ikatulia, ikasikiliza mlangoni. Du. Hakuna mwingine ndani ya sufuria ile, au kama walikuwapo walikuwa wamempisha. Alitaka kuikumbatia ile sufuria na moto wake.

"Pika, mama," alisema.

"Nimesema kesho."

"Kesho haipo katika desturi." Sauti yake nzuri ilikuwa imepasuka. "Mfiwa hupika, huonja, ndipo taifa linakula. Wajukuu wako wana njaa. Huyu hapa ameshika bakuli."

Ni kweli, msichana mdogo alikuwa amesogea na bakuli lake, maana mchuzi wa ukwaju ulikuwa unanukia. Mtu alishamchotea. Msichana akainua bakuli.

Mama Lubango aliruka kutoka kwenye mkeka, akalipiga bakuli likaruka mpaka ukutani.

"Asile mtu humo!" alipiga kelele. "Sipikii watoto wangu sumu! Wanangu hawali kwenye sufuria hizo!"

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo. Redio haikukatwa, kwa sababu fundi mitambo naye alikuwa ameganda. Nchi nzima ilisikia sauti ile, kisha ikasikia du-du... du, kisha ikasikia mtu anaweka kisu chini. Alikuwa Bi. Nyamvula. Alisimama, vitunguu vikaporomoka mapajani.

"Wako huwapikii," alisema. "Wangu je?"

Akaushuka mlima kwa miguu. Wenzake wakamfuata mmoja mmoja, na huko chini, mtaa kwa mtaa, wanawake ambao hawakuwa na redio waliwaona wenye redio wanaepua, nao wakaepua.

Serikali ilifafanua siku hiyo hiyo. Mama Lubango alizungumza kwa uchungu wa msiba. Sufuria za taifa ni salama kabisa, ila kuanzia sasa zitumike kwa mapambo. Kiwanda hakikufungwa, ili vijana wasikose kazi. Hivi sasa kinatengeneza vijiko vya watoto, na vinang'aa sana.

*

Katika vurugu ile Shomvi aliiepua sufuria kwa mikono mitupu. Aliibeba kifuani mpaka nyumbani, viganja vimetoka malengelenge, akabisha hodi kwenye chumba cha uani.

"Mama, nimemleta."

Bibi Mashavu alifungua mlango. Aliweka kiganja juu ya chuma, ambacho kilikuwa bado kina moto kidogo na bado kinagonga, na uso wake mkali wote ukalegea. Alikwenda kitandani akatoa ule mto wake, akaufungua. Wakaenda makaburini asubuhi ile ile, hakuna askari aliyewauliza kitu; askari nao walikuwa na wake zao jikoni.

Shomvi aliiweka sufuria juu ya mchanga. Ilikuwa inagonga pole pole. Alilala kifudifudi, akaweka sikio, kama alivyokuwa akifanya zamani.

"Kivunje wewe," alisema Bibi Mashavu, akimnyooshea chungu. "Ni mkeo."

"Nikivunja atanyamaza?"

"Atajua amekufa. Ataenda zake."

"Mama, siwezi kukaa naye kidogo? Kesho nitavunja. Nakuahidi, kesho."

Bibi Mashavu alimtazama. Hakuwa na hasira tena, na hilo lilikuwa baya kuliko hasira.

"Kesho yako ndiyo iliyomlaza hapa, mwanangu."

Shomvi akainuka akapokea chungu. Kilikuwa kizito kuliko alivyodhani, na kilikuwa kinanuka moshi wa jiko la zamani. Alikiinua kwa mikono ile iliyoungua akakipiga kwenye jiwe la kaburi, kikapasuka vipande vitatu na vumbi. Akaanguka tena chini, sikio kwenye sufuria.

Du-du, ikasema.

Shomvi akazuia pumzi, akasubiri lile la tatu. Alikuwa anajua kwamba huwa linachelewa. Jua likapanda, Bibi Mashavu akaokota kipande kimoja akakichomeka kwenye mchanga, akamwambia twende, na yeye bado alikuwa amelala pale anasubiri.